Mafuta ya Jumamosi

Jumatatu, 4 Mei 2015

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya kumbukumbu za kamati ya ardhi, lakini leo kamati imeambiwa karatasi hazitakiwi tena. Basi nitaandika humu kinyaa changu. Ninacho cha kutosha kujaza kurasa zote.

Tumeletewa tableti. Ni kibao cheusi cha kioo, ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani. Kimeletwa na binti wa mradi wa kupima mashamba, jina lake Aneth, kucha nyekundu, suruali ya jinzi. Aliniamkia vizuri, hapo sina neno. Mwenyekiti wa kijiji, Nathan, akanitangaza kuwa mimi, karani wa kamati, ndiye nitakayekitunza. Kazi yenyewe ni hii: unatembea juu ya mpaka na shahidi, kwenye kila kona unampiga shahidi picha, ukimaliza unahifadhi. Ukishahifadhi huwezi kufungua tena. Kila baada ya muda Aneth atakuja na laptopu, achomeke waya, mashamba yahamie huko. Huko ndiko hati za kimila zitakakotoka.

"Na nakala ya karatasi?" nikauliza.

"Karatasi za nini tena, mzee? Kila kitu kimo humu."

"Hakiwezi kutuma kwa simu?"

"Njia nyingine zote zimefungwa ili taarifa zisichezewe. Waya tu."

Maana yake watu wa mradi wanaogopa tutaiba. Mimi! Miaka kumi na minane nilikuwa karani wa mizani wa chama cha ushirika, kabla soko halijafunguliwa na kila mwenye lori kuwa mnunuzi. Hakuna mkulima aliyewahi kusema Melkizedeki kamdhulumu kilo. Na mizani ile ilidumu kwa sababu kila Jumamosi niliifuta na kuipaka mafuta. Grisi ya ushirika ilipokwisha niliipaka alizeti yetu hii hii, ikaendelea mpaka siku walipoiuza kama chuma chakavu. Chombo kisichopakwa mafuta kinakufa. Hilo halikuwemo katika mafunzo ya Aneth, wala sikutegemea liwemo.

Jumatano, 6 Mei

Mashamba manne. Watu wameanza kupura alizeti na vumbi la makapi limeingia hata kwenye chai.

Jumamosi, 9 Mei

Nimefuta tableti kwa kitambaa cha pamba. Nimetia tone la alizeti kwenye tundu la waya kwa unyoya wa kuku, kama nilivyokuwa nikitia kwenye viungo vya mizani. Waya sasa unaingia laini.

Jumatatu, 11 Mei

Aneth amekuja na laptopu. Mashamba ishirini na mawili yamehama kabla chai haijapoa. Akasema, "Unaona, mzee?" Nikaona. Sikumpa furaha ya kusema hivyo.

Jumanne, 12 Mei

Leo tumepima shamba la Leah, na nataka niliandike sawasawa.

Leah ni mjane wa Urbano aliyefariki mwaka juzi. Walizaa mabinti watatu. Shamba lao ni ekari tano upande wa chini, udongo mzuri kuliko yote tuliyonayo. Zefania, mdogo wake marehemu, anasema mwanamke asiye na mtoto wa kiume hana mpaka, na kwamba ekari zile ni za ukoo, yaani zake. Si kwamba anataka kulima. Amepata mnunuzi kutoka mbali, mtu wa trekta, anayetaka mashamba makubwa ya alizeti. Siku hizi ardhi nayo imewekwa sokoni, inauzwa kama ndala. Zefania anapita kijijini na simu mbili sikioni. Nikimwona nachefuka.

Hapa kwetu mpaka haujulikani kwa kamba. Unajulikana kwa mtu aliyekuwepo minyaa, ile miti ya mpakani, ilipopandwa. Kwa shamba hili mtu huyo amebaki mmoja, mzee Alute, ambaye mwenyewe aliishika miche wakati baba wa marehemu Urbano akichimba mashimo. Ana miaka themanini na zaidi. Alikuja na fimbo yake, amevaa koti la baridi juani, akatembea kona zote sita. Kwenye kila kona alisimama akashika tawi la mnyaa, nami nikapiga picha. Kwenye kona ya nne aliketi chini kupumzika. Leah akamletea togwa kwenye kata.

"Andika vizuri, karani," akaniambia. "Mimi si wa kuja hapa mara mbili."

Zefania aliitwa, akasema ana wageni. Majirani wote wawili walikuwepo, na Aneth pia. Nikahifadhi. Alama ya kijani ikatokea mbele ya jina la Leah. Aliomba aione, akaitazama muda mrefu, kisha akafuta kioo kwa kanga yake ingawa hakikuwa kichafu.

Jumamosi, 16 Mei

Nimefuta. Nimetia mafuta. Vumbi limezidi, kwa hiyo matone mawili.

Alhamisi, 21 Mei

Mzee Alute amefariki alfajiri. Alilala akiwa mzima.

Ijumaa, 22 Mei

Tumemzika. Zefania amekuja msibani na miwani ya jua, akalia kuliko watoto wa marehemu.

Jumamosi, 23 Mei

Nimefuta, nimetia mafuta.

Jumatatu, 25 Mei

Tableti haisomi.

Aneth alifika saa nne, akaweka laptopu juu ya meza ya ofisi ya kijiji, akachomeka waya. Tableti ikaonyesha inachaji. Laptopu ikakaa kimya kana kwamba hakuna kilichochomekwa. Akachomoa, akachomeka. Akazima tableti, akaiwasha. Akazima laptopu, akaiwasha, na hiyo peke yake ilichukua muda wa kupika ugali. Akabadilisha tundu la laptopu, kushoto, kulia. Akaingia kwenye sijui mipangilio gani, akagusa hapa na pale kwa zile kucha.

"Umeme unapita, taarifa hazipiti," akasema. "Itakuwa waya."

Nikamwuliza waya mmoja unawezaje kupitisha kimoja na kukataa kingine. Akasema ndani mna nyaya nne, mbili za umeme na mbili za taarifa. Mimi naona ni uzushi. Bomba la maji halichagui ndoo.

Mashamba thelathini na tisa yamo ndani, la Leah likiwemo. Mengine yote yanaweza kupimwa upya, mashahidi wapo hai. La Leah haliwezi. Niliwaza karatasi niliyoiomba siku ya kwanza, nikatamani kumtemea mtu mate, sikujua nani.

Jumatano, 27 Mei

Habari zimemfikia Zefania. Amenikuta kisimani akitabasamu kwa meno yote.

"Mzee karani, nasikia chombo kimegoma."

"Kitapona."

"Mimi nasema Mungu ndiye aliyekifunga mdomo. Haki haipimwi kwa mashine ya Mchina."

Mtu asiyelima anamtaja Mungu kwa wepesi sana.

Jumamosi, 30 Mei

Chombo kikisumbua ndipo kinapotaka matunzo zaidi. Nimetia mafuta mpaka yakafurika, nikayafuta yaliyozidi.

Jumatatu, 1 Juni

Aneth amekuja na waya mwingine. Vile vile. Akachomeka simu yake mwenyewe kwenye laptopu, picha zake zote zikafunguka palepale, yuko kwenye harusi, yuko ziwani Singidani, yuko na chipsi. Basi laptopu ni nzima na waya ni mzima.

"Mzee, tableti haijaanguka kweli?"

"Binti, mimi nimeshika mizani ya kijiji hiki wewe hujazaliwa."

"Samahani mzee, nauliza tu." Akaisogeza puani, akapuliza kwenye tundu, akakunja uso. "Mbona inanukia chapati?"

Nilinyanyuka, nikatoka nje. Kwangu chapati huliwa Krismasi. Kuambiwa kwamba nakula chakula juu ya mali ya kijiji, na mtu aliyepiga picha na chipsi!

Nyumbani nilimweleza mke wangu Anastasia. Akacheka. Nikamwambia hakuna cha kuchekesha.

Alhamisi, 4 Juni

Nimepanda basi kituo cha Ihanja mpaka Singida mjini. Tableti niliifunga kwenye taulo, nikaipakata njia nzima. Mji umejaa vitu na hakuna kitu. Kila duka linauza nyaya, zimening'inizwa kama mabuu ya plastiki, nyeupe, nyeusi, za rangi ya waridi. Zamani duka la kaya la serikali lilikuwa na kitu kimoja, na kilikuwa kitu. Sasa viko mia, na mia vyote ni feki.

Nimenunua nyaya mbili kwa Chetan, kijana wa yule Mhindi aliyekuwa akiuza vipuri vya baiskeli na mafuta ya kupikia karibu na soko. Mama yake, Maniben, bado anakaa nyuma ya kaunta na kusalimia kila mtu. Chetan aliiona tableti kwenye taulo.

"Mzee, nipe niangalie. Kuangalia bure."

Nikakataa. Najua kuangalia kwa mafundi. Wanafungua, wanatoa kizima, wanaweka kibovu, unarudi baada ya wiki. Nikaondoka na nyaya zangu.

Jumatatu, 8 Juni

Nyaya zote mbili zimekataa. Inachaji na kunyamaza. Aneth amejaribu programu nyingine, amempigia mtu wa mradi, amekaa sakafuni na laptopu mapajani kama anayebembeleza mtoto mgonjwa. Sasa wanasema tarehe 30 Juni laptopu inarudi mkoani na orodha inafungwa. Shamba ambalo halijahama litahesabiwa halijapimwa.

Sasa naandika jambo zito. Alipofika asubuhi, Aneth alishuka kwenye pikipiki ya Zefania. Nimeona kwa macho yangu. Alisema gari la mradi halikuwepo, Zefania alimkuta Ihanja akampa lifti. Lifti! Ghafla yote yakanikalia sawa. Chombo kilikuwa kizima mpaka lilipoingia shamba la Leah. Anayekigusa zaidi yangu ni mmoja tu. Mnunuzi wa trekta hawezi kushindwa kumnunua msichana wa kucha nyekundu. Nilimtazama akipangusa tundu la tableti kwa ncha ya kanga aliyoazima, nikasikia kinyaa cha kweli.

Nimemwambia Nathan. Nathan akasema, "Karani, una ushahidi?" Nikasema ushahidi una magurudumu mawili. Jioni nimewaambia na wanakamati wengine.

Jumanne, 9 Juni

Nimeuandikia mradi barua. Kwa mkono, kwa karatasi, nakala mbili. Nimesema mfanyakazi wao si mwaminifu, ameharibu chombo kwa makusudi kwa faida ya mtu mwenye shauri la ardhi. Mwandiko wangu haujapotea.

Jumamosi, 13 Juni

Nimefuta, nimetia mafuta.

Jumatatu, 15 Juni

Aneth hakuja. Mradi umempigia Nathan kwamba amesimamishwa kazi. Barua yangu ndiyo kitu pekee kilichofika haraka tangu mwezi wa tano.

Nilitegemea nitafurahi. Nimekula ugali na mlenda bila kuonja.

Jumatano, 17 Juni

Cherehani ya Anastasia imekwama. Gurudumu halizunguki. Nimesema ni uzi wa siku hizi. Yeye ananilaumu mimi, kwamba tangu nianze kuipaka alizeti mwaka jana imekuwa nzito kila mwezi.

"Baba Faith, wewe kila mtu ni mbaya, kila kitu ni feki. Nyani haoni kundule."

Nikaenda kufungia kuku. Mtu aliyeoa miaka thelathini na tano anajua lini ajibu.

Ijumaa, 19 Juni

Leah amekuja. Hakuketi mpaka nilipomwambia mara tatu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Habari za watoto?"

"Wazima. Baba, nimekuja kuuliza. Ile alama ya kijani bado ipo?"

Nikawasha tableti nikamwonyesha. Ilikuwepo. Jina lake, ekari tano nukta moja, kijani.

"Basi mzee Alute bado yumo humo," akasema.

"Yumo."

"Mkishindwa kumtoa, shemeji amesema trekta inaingia mwezi wa saba. Ameshawaambia mabinti zangu waanze kuzoea kuitwa wageni." Alisema bila kulia, akitazama kuku. "Mimi sijui mashine, baba. Ila wewe ulikuwepo. Ulimwona akishika ile minyaa."

Nilimwambia nilimwona. Nikamwahidi nitakwenda mjini. Nikamweleza pia kuhusu Aneth na pikipiki, nikidhani nampa faraja. Akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

"Yule binti siku ya kupima alinibebea ndoo mpaka nyumbani," akasema. "Na lifti ya shemeji hata mimi nimeshawahi kuipanda. Mtu akichoka hachagui pikipiki."

Jumanne, 23 Juni



Nimefika kwa Chetan saa tano. Nikafungua taulo juu ya kaunta, nikamwambia aangalie mbele yangu, asiingie nayo chumba cha nyuma. Hakuchukia. Akawasha taa ndogo, akavaa ile miwani ya fundi saa, akachungulia kwenye tundu. Akachungulia tena. Akachukua sindano akachokoa taratibu, ikatoka kitu cha rangi ya kahawia, kinachovutika, na makapi mawili ya alizeti yamenaswa ndani yake.

"Mzee," akasema, "nani ameweka gundi humu?"

"Gundi? Hakuna aliyeweka gundi."

Akaipeleka sindano puani. Akampa mama yake. Maniben akanusa, akasugua kile kitu kati ya vidole viwili.

"Si gundi," akasema yule mama. "Hii mafuta ya alizeti. Mimi nauza humu miaka arobaini, najua. Ikimwagika kwenye rafu usipofuta siku ile ile, baada ya wiki mbili chupa haitoki. Inakauka, inashika vumbi, inakuwa hivi hivi." Akanitazama kwa huruma. "Watu wanatia cherehani, inakwama. Sasa mtu ametia na hii?"

Chetan akanionyesha kwa ncha ya sindano. Vyuma vya pembeni, vinavyopitisha umeme, waya ulikuwa bado unavikwangua kidogo na kuvigusa. Vya katikati, vinavyopitisha taarifa, vimezikwa kabisa. Nyaya nne. Mbili za umeme, mbili za taarifa. Kama Aneth alivyosema.

Nilikumbuka unyoya wa kuku. Nilikumbuka kila Jumamosi, tone moja, matone mawili, mpaka yakafurika. Nilikumbuka cherehani. Mizani nayo ilikuwa chuma kikubwa, nilikuwa nikiifuta yote kwa tambara na majivu kabla ya kupaka, ndiyo maana haikushika. Hakuna wa kubambikia. Si Mchina, si Mhindi, si soko huria, si kucha nyekundu.

"Ni mimi," nikamwambia Chetan, kwa sauti ambayo nadhani hakuisikia.

Alisafisha kwa spiriti na mswaki wa mtoto, mara saba, akisubiri ikauke kila mara. Akachomeka kwenye kompyuta yake, kwa waya ule ule niliouita feki. Kompyuta ikalia. Nikamwomba aizime palepale, nikakimbia, mimi mtu wa miaka sitini na moja, mpaka ofisi ya mradi. Wakachomeka. Mashamba yote yakahama. Nikaomba wanifungulie moja. Mzee Alute akatokea kwenye kona ya nne, ameketi chini, kata ya togwa mkononi, tawi la mnyaa juu ya kichwa chake.

Bosi wa mradi akauliza tatizo lilikuwa nini.

Nikasema, "Waya."

Kwenye meza ya Aneth palikuwa na kikombe kimefunikwa kwa kisosi.

Jumamosi, 27 Juni

Sikutia mafuta. Mikono haikujua ifanye nini.

Jumatano, 1 Julai

Orodha imebandikwa ofisini. Shamba la Leah limo. Yeyote mwenye pingamizi alilete kwenye mkutano wa kijiji Ijumaa. Kijiji kizima kinanipongeza kwa kuupata waya mzuri. Nathan amesema karani wetu ni mtaalamu. Kila nikipongezwa nanusa chapati.

Ijumaa, 3 Julai

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule. Bosi wa mradi alikuwepo. Majina yalisomwa mpaka la Leah, na Zefania akasimama. Miwani aliivua safari hii.

Hakusema kwamba Alute hakuwepo. Alikuwa na akili zaidi ya hapo.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi simpingi marehemu. Napinga chombo. Karani wetu, mtu tunayemheshimu, alituambia wenyewe kwamba yule binti si mwaminifu, amekiharibu kwa makusudi. Aliandika na barua, mradi ukamfukuza. Je, uongo? Halafu chombo kikakaa kibovu wiki nne, kikapelekwa dukani kwa Mhindi kufunguliwa, kikarudi kizima. Sasa nauliza: shamba lililopimwa kwa chombo cha mtu asiye mwaminifu, kikachokonolewa na mwenye duka, tutaliaminije? Lifutwe. Lipimwe upya, na kila upande ulete shahidi wake."

Shahidi wake! Wake tungemwona siku hiyo hiyo, amenunuliwa. Na wa Leah yuko chini ya udongo.

Watu wakaanza kunong'ona kwamba kuna hoja. Bosi wa mradi akafungua faili, akatoa karatasi, akanitazama. Ilikuwa barua yangu. Niliutambua mwandiko kutoka mbali, ule ambao haujapotea. Nathan naye akanitazama. "Karani, hili ni lako."

Leah alikuwa amekaa chini mbele, na mabinti zake watatu pembeni, wamevaa sare ingawa shule zimefungwa. Hakunitazama. Alikuwa akikusanya makapi ya alizeti kwenye sketi ya mdogo na kuyatupa, moja moja.

Mara ile niliona kwamba Zefania hakuwa na kitu mkononi. Silaha yote aliyoshika nilikuwa nimemtengenezea mimi, kwa kalamu yangu na kwa mdomo wangu. Nilimchukia, ndiyo, bado namchukia. Lakini kinyaa kile kikubwa kilikuwa kimehama. Kilikuwa changu mwenyewe.

Nikasimama. Nilisema hivi, kama ninavyokumbuka:

"Yule binti ni mwaminifu. Mimi ndiye si mwaminifu. Chombo hakikuharibiwa na mtu wa mradi wala na Mhindi. Kila Jumamosi, kwa unyoya wa kuku, nilikitia mafuta ya alizeti kwenye tundu. Nilidhani ni mizani. Yakaganda, yakaziba. Chetan alisafisha tundu mbele ya macho yangu, hakufungua hata parafujo moja. Nililijua hilo tangu Jumanne ya wiki iliyopita na nikasema ni waya, kwa sababu nilikuwa naona aibu. Barua ile ni uongo niliouandika kwa hati nzuri."

Kisha mama mmoja nyuma akasema, "Alizeti? Kwenye kompyuta?" na uwanja mzima ukalipuka. Walicheka wakashika magoti. Mtu akapiga kelele kwamba nilitaka kuikaanga. Nathan mwenyewe alijifunika uso kwa kofia. Miaka kumi na minane ya mizani, imekwisha kwa unyoya mmoja.

Bosi wa mradi hakucheka. Akaniuliza kama naweza kuandika hayo na kusaini. Nikasema naweza, karatasi ninazo. Akageuza laptopu kuelekea kwa watu, akafungua picha, kona ya kwanza mpaka ya sita. Kicheko kikafa chenyewe. Walimwona Alute na koti lake. Mtu akasema, "Huyo hapo," na wanaume wakavua kofia. Zefania alianza kusema neno, kisha shangazi yake mwenyewe akamwambia, "Kaa chini, mtoto, mzee anaongea."

Mikono ikanyooshwa. Pingamizi limekataliwa.

Jumamosi, 4 Julai

Nimeandika barua ya pili. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini nimeandika. Anastasia ameisoma, akaniongezea mstari nilioukwepa, ule wa kuomba radhi kwa jina.

Jumatatu, 6 Julai

Aneth amerudi na laptopu kumalizia vitongoji vilivyobaki. Ameniamkia, "Shikamoo mzee," kama kawaida, wala sikujua niitikie kwa uso gani. Nikasema marahaba. Nikasema, "Binti, nimekukosea." Akasema barua ameiona. Hakusema yamekwisha. Akaomba tableti, akachungulia tundu, akanusa, akairudisha.

"Haina chapati leo," akasema, na akaendelea na kazi.

Zaidi ya hapo sistahili.

Jumatano, 8 Julai

Leah amemaliza kukamua alizeti yake ya mwaka huu. Amekuja na kidumu cha lita tano, mafuta mapya, ya rangi ya asali, bado yana uvuguvugu wa mashine. Nikamwambia sistahili zawadi, nusura nimpotezee shamba. Alikiweka kidumu mezani, pembeni ya tableti, akakitazama, akaitazama tableti, kisha akakibeba tena akaenda kumkabidhi Anastasia jikoni.

"Ya kupikia, baba," akasema.